Nembo Inakunywa Kwanza

"Maji umeyafungulia wewe! Alhamisi ni zamu yangu, mtaa mzima unajua!"

"Mimi, Biybisara? Sufuria zangu zina ukoko tangu juzi, njoo uzinuse!" Gulziba alijibu, mikono kiunoni, ng'ambo ya mfereji mkavu uliotenganisha nyua zao. "Ningekuwa mwizi ningeanza na mumeo, si tope lako!"

Wapita njia walisimama. Ugomvi wa hao wawili haukukosa watazamaji.

Ila siku hiyo Biybisara hakuwa na hamu ya mizaha. Pale wilayani, katika jamhuri ya Karakalpakstan, wenzake wote walishang'oa matikiti wakapanda pamba ya serikali. Mbegu ya tikiti la njano la marehemu mama yake ilibaki kwenye tuta lake moja tu. Wiki moja zaidi bila maji, na mbegu hiyo basi tena.

Yeye na Gulziba wakafuata unyevu ardhini. Maji yalikuwa yamepita mbele ya mageti yao, yakavuka barabara, yakapanda ukuta wa ofisi ya wilaya mita sita kwenda juu, yakaingia kwenye nembo ya jamhuri iliyofinyangwa pale. Upande mmoja masuke ya ngano yalikuwa makavu kama siku zote. Upande wa pili, pamba ya lipu ilikuwa imepasua vitumba.

"Kazi ya fundi Jumabay hiyo," alisema Gulziba.

Mafundi wa huko huchanganya lipu na manyoya ya matete ili isipasuke. Matete yalikwisha bahari ya jirani ilipokauka ikarudi nyuma, hivyo Jumabay, alipoikarabati nembo kwa ajili ya sherehe, alizoa makapi kwenye kiwanda cha pamba. Mbegu hakuzichambua.

Katibu wa wilaya alitoka na futi kamba, akapima pamba ya ukutani, akaiandika kwenye mpango wa mavuno ya mwaka.

"Ndugu Katibu," alisema Biybisara, "hayo maji ni zamu yangu."

"Nembo haina zamu, mama. Nembo inakunywa kwanza."

"Na matikiti yangu?"

Katibu aliinua uso akaikagua nembo bila haraka: pamba, ngano, jua linalochomoza, nyundo, mundu, nyota.

"Hayapo."

Lipu kunywa maji hakukumshtua Biybisara. Kuta nazo zina kiu. Kilichomshtua ni kwamba alitazama na yeye, akaona Katibu hasemi uongo. Samaki hayupo. Ng'ombe hayupo. Mtu hata mmoja hayupo.

"Si mlipachike tikiti basi!" alifoka Gulziba. "Jumabay! Leta ngazi!"

Saa ya chakula cha mchana, maofisa walipokwenda kula, Jumabay alipanda na ndoo yake akafinyanga tikiti la ukubwa wa ngumi chini ya utepe wa nembo. "Wakiniuliza nitasema ni jiwe," alinong'ona. Gulziba alishikilia ngazi, akimtukana kila aliyetazama juu.

Maji yaliliona. Kwa siku tisa tikiti la ukutani lilivimba, likapata michirizi na umanjano wake halisi. Tuta la Biybisara halikupata hata tone. Mashina yalilala, yakawa kamba. Alipopapasa chini ya majani hakukuta hata tunda moja la kutolea mbegu.

Siku ya kumi wakaja wageni kutoka mji mkuu. Katibu aliamuru tikiti lishushwe, kwa kuwa halikuidhinishwa, na likatwe, kwa kuwa lilikuwa limeiva. Harufu ilimfuata Biybisara hadi uani kwake, na ilikuwa ile ile ya nyumbani kwao.

Alikwenda akasimama mlangoni pa ofisi. "Sitaki nyama yake, Ndugu Katibu. Naomba mbegu tu."

Katibu hakuwa mchoyo, alimjazia kiganja. Biybisara aliminya moja, ikawa unga. Ya pili, unga. Zilikuwa chokaa tupu. Alibaki kiganja wazi.

"Tamu sana, mama, hongereni," alisema mmoja wa wageni akifuta kidevu.

Katibu alimvutia Biybisara kiti. "Unasimamaje mlangoni kama mtu wa kuja? Karibu ndani, mama, ule."