Karani Aliyekohoa Ndani ya Simu

Kitendawili. Nina mtumishi, natembea naye kutwa, namlisha kila siku, analala karibu na mto wangu, lakini mshahara wake analipwa na mtu nisiyemjua.

Umeshindwa? Nipe mji. Huo hapana, maji yake ya chumvi. Nipe mwingine, wenye kivuli. Haya, nimefika, nimekula, nimerudi. Jibu ni simu.

Wengi wakiambiwa jibu hilo hucheka kidogo, kisha huomba kitendawili kingine. Mpishi hakucheka, kwa sababu alimwona mtumishi mwenyewe kwa macho yake, Jumanne saa nne asubuhi, juu ya meza ya fundi simu.

Alikuwa ameipeleka simu yake kwa kuwa ilikuwa inakohoa.

"Inakohoa vipi?" fundi aliuliza.

"Kama mtu. Hasa nikichekecha unga. Naiweka rafuni, nikishika chekecheo tu, inaanza, kho, kho. Nikiongea na watu wananiuliza, una mgonjwa hapo?"

Fundi huyo zamani alikuwa fundi wa saa. Simu zilipoziua saa za mkononi alihamia kwenye simu, akisema adui usiyemweza, mbebee mkoba. Meza yake ilitandikwa taulo jeupe ili skrubu zisikimbie, na kando ya taulo palikuwa na karatasi yenye mchoro wa simu, ambayo juu yake aliweka kila skrubu mahali ilipotoka. Aligeuza simu ya mpishi ubavu. Ukingoni palikuwa na kikaratasi cha kunata, kidogo kama ukucha: HAKI ZOTE ZIMEHIFADHIWA. KUFUNGUA NI KOSA.

"Nakuonya, mama, kama ninavyowaonya wote," alisema. "Simu ni yako, lakini mpangilio wa humo ndani una hakimiliki. Ni kama kitabu cha mtu. Kuangalia ni kusoma bila ruhusa."

"Kitabu gani hicho nimekinunua halafu nisikifungue? Nikinunua sufuria nikachungulia ndani, nimeiba?"

"Sufuria haina kampuni."

"Inayo. Imeandikwa kitakoni."

Fundi alikipasha moto kile kikaratasi na kukibandua.

Chini ya betri alikuwa ameketi karani. Urefu wake ulikuwa kama njiti ya kiberiti iliyoungua nusu. Alikuwa na meza, kiti, daftari, wino mweusi, wino mwekundu na miwani, na mabega ya shati lake yalikuwa meupe kwa unga. Aliinuka kidogo kama mtu aliyezoea ofisi, akasema habari za asubuhi, akaomba feni izimwe, maana karatasi zake zilikuwa zinapeperuka.

Fundi alizima feni.

"Wamo kwenye zote," alimwambia mpishi. "Wako ana adabu. Kuna wengine hata salamu hawaitikii. Mimi huwapangusa vumbi nikafunga."

Mpishi alivuta stuli, akaegemeza kidevu mkononi. Kwa miaka thelathini alikuwa akipika shuleni, na mtu aliyepika shuleni miaka thelathini ana tabia ya kufunua kila kilichofunikwa.

"Unaandika nini humo, baba?"

"Yote unayosema, mama."

"Hata mapishi?"

"Hata mapishi. Hata juzi ulipokuwa ukitafuta kiatu na kukitukana."

"Na nani alikuruhusu?"

"Wewe." Karani alifunua kurasa za mwanzo za daftari. "Siku uliponunua. Kurasa thelathini na nane, na chini kabisa umebonyeza Nakubali. Ulibonyeza kabla ya kufika mstari wa pili."

"Zilikuwa zimeziba saa kwenye kioo. Nilitaka kujua saa ngapi."

"Wengi husema hivyo," karani alisema, akaliandika na hilo.

Sasa lazima nikueleze kwa nini mpishi hakuinuka akaenda zake. Miezi mitatu nyuma alimpigia simu dada yake, mshona mapazia, akamwambia jambo kuhusu unga wa shule. Maneno yenyewe siwezi kuyaandika hapa, utaona sababu. Maana yake ilikuwa kwamba unga wanaolishwa watoto unatembea wenyewe kwa wingi wa wadudu, na kwamba anayeuuzia shule unga huo ni mwenyekiti wa bodi ya shule. Siku mbili baadaye ilikuja barua ya kumwachisha kazi. Ndani yake maneno yake yalikuwa yameandikwa kama alivyoyatamka, mpaka pale aliposema "yaani" mara mbili. Aliyeyasikia alikuwa mtu mmoja tu, dada yake. Mpishi akaacha kupokea simu za dada. Dada alipiga wiki tatu, kisha naye akaacha. Walikuwa wamelelewa kwenye mkeka mmoja, na sasa wakikutana njiani kila mmoja alitazama dirisha la duka.

"Yale maneno ya unga," mpishi alimwuliza karani, "uliyaandika wewe?"

"Ukurasa wa mia nne na sita."

"Ukampa nani?"

"Mimi simpi mtu. Maneno huchukuliwa simu ikiwekwa kwenye chaji. Huko yanakoenda wanayauza kwa anayeyahitaji."

Mpishi aliinamia daftari, kama mtu anayesikiliza sufuria.

"Nisomee huo ukurasa. Nataka kumpelekea dada yangu, halafu niupeleke kwa hao wa bodi."

"Siwezi, mama. Kusema ulisema wewe, lakini kuandika nimeandika mimi, na mimi ni wa kampuni. Ukurasa hauruhusiwi kunakiliwa wala kusomwa kwa sauti."

"Basi weka ukurasa wako. Maneno yalitoka kinywani mwangu, nitayasema upya."

Akafungua kinywa ayaseme. Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Alikohoa, akajaribu tena. Ulimi ulikwenda kote ulikotakiwa kwenda, na kibandani pakasikika tu mlio wa redio ya jirani.

"Hayo yamepigwa mstari mwekundu," karani alieleza kwa upole. "Maneno mengi naandika kwa wino mweusi, hayo mtu anabaki nayo, anayarudia hata mara mia. Lakini kila neno tunalipima. Likiwa na uzito, napiga mstari mwekundu, na likishapigwa si lako tena."

"Kweli," fundi alisema akifuta bisibisi. "Nina mteja hawezi tena kumwambia mkewe pole. Aliitumia kwenye simu siku ya msiba. Sasa humpelekea maji ya kunywa tu, mke anaelewa."

Mpishi hakukasirika. Alitaka kujua ukuta huo unaishia wapi, kama anayepapasa chumba gizani. Alijaribu kuanza na wadudu na kumalizia na unga. Sauti ikatoka vizuri.

"Hiyo haijasajiliwa," fundi alisema.

Karani alipima, akachovya kalamu kwenye wino mwekundu. "Imesajiliwa sasa. Samahani."

Walijaribu njia saba. Fundi naye alichangia mbili, moja ya mafumbo, yenye nyumba nyeupe na wageni wasiobisha hodi. Kila njia ilitoka mara moja, ikapimwa, ikapigwa mstari. Ya nane mpishi aliimeza.

Fundi alitaka kumrudisha karani ndani, ila mpishi alisema hapana, huyu ni shahidi. Walimwazima mfuniko wa chupa ya chai, wakampanga humo na meza yake na daftari, waya mwembamba ukimuunganisha na simu ili asipungukiwe na umeme. Mpishi akambeba mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayevuka barabara na mchuzi.

Alianzia shuleni. Lori la unga lilikuwa linashushwa, na magunia mawili yalikuwa yanajisogeza yenyewe taratibu kuelekea stoo, jambo lililowapunguzia wapakuzi kazi. Katibu wa bodi alimkaribisha kiti. Alimtazama karani kwenye mfuniko, akasogeza faili zake ili zisimwangukie, akasema karani wake yuko kwenye droo, hana haja ya kumtoa.

"Umekuja kukata rufaa," katibu alisema. "Ni rahisi. Tamka tena yale uliyodaiwa kusema, uyathibitishe au uyakane."

Mpishi alifungua kinywa. Katibu alisubiri dakika nzima kwa saa ya ukutani, maana alikuwa mtu wa haki, kisha akaandika kwenye fomu: Hakuwa na la kusema. Akagonga muhuri.

"Na watoto wanakula hicho?" mpishi aliuliza akielekea mlangoni.

"Wanakula. Mpishi mpya hana simu."

Kutoka hapo alikwenda kwa dada yake. Njiani karani alikohoa mara moja tu, na mpishi akamkinga upepo kwa kiganja, kwa mazoea tu.

Chumba cha mshona mapazia kilijaa vitambaa mpaka dirishani. Yeye mwenyewe alikuwa nyuma ya cherehani, miwani kwenye ncha ya pua, pini mdomoni. Alimwona mdogo wake mlangoni. Akatoa pini moja moja na kuzichomeka kwenye mto wa pini, zote kumi na moja, kabla ya kusema lolote.

"Umepungua."

"Nimebeba mtu, dada."

Mpishi aliweka mfuniko mezani. Mshona mapazia alichukua kile kioo cha kukuzia anachotungia uzi, akamtazama karani kuanzia viatu hadi miwani.

"Amekula?"

"Nilikuwa kwenye chaji jana, mama, ahsante," karani alijibu.

"Huyu ndiye aliyeyatoa yale maneno," mpishi alisema. "Si wewe. Sikujua kama tulikuwa watatu."

"Wanne," mshona mapazia alisema. "Na wa simu yangu alikuwepo." Aligonga mbavu za cherehani yake mpya, ile yenye kioo cha kuchagulia mishono. Kidirisha kidogo kikafunguliwa, karani mwingine akatoa kichwa, mwanamke mnene mwenye kalamu sikioni. "Na huyu. Watano. Huyu ana sauti kubwa, nikikosea pindo anacheka."

"Pindo la juzi lilichekesha," yule mwanamke alisema.

"Ulijua?" mpishi aliuliza.

"Nilijua kuhusu hawa, kila mtu anajua. Nilidhani wewe unajua kuhusu mimi."

Mshona mapazia alimimina chai vikombe viwili, akadondosha tone moja kwenye kizibo cha chupa kwa ajili ya karani. Kisha alirudi nyuma ya cherehani, ila hakukanyaga.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja tu, mdogo wangu. Ulipoipata ile barua, kabla ya kunifikia mimi, uliwashuku watu wangapi? Katibu, mwalimu wa zamu, jirani anayesikia kupitia ukutani. Wangapi?"

Mpishi alitazama kikombe. Makarani wawili waliokuwa wakionekana walikuwa wameshika kalamu, na kila mmoja alikuwa amesogeza wino mwekundu karibu.

"Jibu lake zito," mpishi alisema polepole. "Nikilitoa, watalichukua. Sitaweza kulirudia, hata ukiniuliza tukiwa wazee kabisa."

"Twende uani, basi."

"Uani kuna mita ya umeme," karani alisema kwa kusikitika. "Karani wa humo ni mjomba wangu."

"Nitikise kichwa?"

"Sitaki kichwa," mshona mapazia alisema. "Kichwa chako nimekiona njiani miezi mitatu, kimegeukia madukani. Nataka kusikia. Na kama ni mara moja, iwe mara moja. Usiharakishe. Chagua."

Akakanyaga cherehani. Alishona pindo lote la pazia, upana wa dirisha la watu wenye nyumba kubwa, akageuza, akashona la pili. Chai ilipoa. Karani wa simu alifuta miwani, akavaa tena. Yule wa cherehani kwa mara ya kwanza hakucheka, ingawa uzi ulikatika mara mbili. Mpishi alikuwa akipanga maneno kichwani kama anavyopanga vyombo kabla ya kupakua, akaondoa samahani, akaondoa barua, akaondoa njaa na usiku aliokosa usingizi, mpaka yakabaki machache.

Mashine ilinyamaza. Kalamu mbili zilichovya wino.

"Hakuna, dada," alisema mpishi. "Nilianza na wewe, nikaishia na wewe."