Kisanduku Kilichoita Daraja

Alhamisi, tarehe kumi na tisa mwezi wa nne, ndiyo siku waliyoniulia mke wangu. Wao wanasema kilichomuua ni kifua. Waseme, midomo ni yao.

Mke wangu alikuwa karani wa posta. Wakubwa walipoifunga posta akajiunga na chama cha watu wa redio, maana kazi ya barua ilikuwa imemkaa damuni. Mimi nashona viti vya magari na shule niliiacha darasa la nne, lakini mambo yake niliyajua kwa kumtazama. Mezani kulikuwa na redio, kompyuta kuukuu, na katikati kisanduku cheusi cha ukubwa wa tofali. Hilo ndilo lilikuwa sanduku lake la barua. Anaandika ujumbe, kisanduku kinauweka, na kila saa kinapiga mluzi hewani kukiita kituo cha chama kule kilimani. Kituo kikiitika, kinauchukua na kumpelekea mwenyewe. Kituo kiliitwa Daraja. Ukikiita kwa jina lingine, hakikujui.

Wiki ile mvua ilikuwa imekata simu zote. Mto umefura, boti pekee ni ya zahanati ya ng'ambo, na nesi wa zahanati hiyo ni dada wa mke wangu. Asubuhi kifua kikambana. Akajikokota mpaka mezani, akaandika: "Dada, leta boti na mtungi wa hewa. Usichelewe." Akarudi kitandani, akawa ananiuliza toka huko.

"Baba, kimeandika nini?"

"Imehifadhiwa."

"Hakijaandika imepelekwa?"

"Imehifadhiwa tu."

"Ngoja saa ifike. Daraja litaitika."

Saa ikafika. Kisanduku kikapiga mluzi, kikanyamaza. Imehifadhiwa. Saa iliyofuata, vilevile. Nikakizaba kofi. Akacheka, na pumzi yenyewe hana.

"Usimpige, maskini. Yeye anaita, wenzake ndio viziwi."

Kabla jua halijazama nilikuwa mgane, na kile kisanduku bado kinaita. Nikachomoa waya.

Baada ya mazishi nilikwenda ofisi ya chama. Mwenyekiti ni mkaguzi wa shule mstaafu, mtu wa tai hata kwenye joto, anapenda kuitwa Mkuu. Akanivutia kiti. Nikabaki nimesimama.

"Pole sana, mzee wangu. Bahati mbaya kituo kilibadilishwa jina Jumatatu ile. Sasa kinaitwa Mkuu."

"Kwa heshima ya nani?"

Akakohoa. "Kikao kiliamua."

"Mke wangu alikuwa kitandani, hakuja kikaoni. Nani alimwambia?"

"Tangazo lilitolewa kwa wanachama wote."

"Mlilibandika wapi?"

Akamtazama katibu wake aliyekaa pembeni.

"Kituoni," katibu akasema. "Kwenye sanduku la kituo."

"Na mtu analisomaje?"

"Anakiita kituo, kinamwonyesha."

"Anakiita kwa jina gani?"

"Hilo jipya."

Nilicheka mpaka akasogeza kiti chake nyuma. Kumbe dawa ya ugonjwa wameifungia chumbani, na ufunguo wameuacha humohumo.

Wiki haikuisha, wote wawili wakabisha hodi kwangu, Mkuu na tai yake, katibu na mkoba.

"Tumekuja kukusaidia," Mkuu akasema. "Tumekirekebisha kituo, sasa kinaitikia majina yote mawili. Washa tu kisanduku, ujumbe wa marehemu utatoka."

Nilisimama mlangoni, mkono huku na mkono kule. Kisanduku kina betri ndogo ndani, kinatunza barua hata kikizimwa. Lakini mke wangu alishanionyesha: barua ikishachukuliwa, kisanduku chenyewe kinaifuta. Wangeondoka na maneno yake ya mwisho, na skrini ingeandika imepelekwa. Kesho yake wangeniambia, mzee, mbona ilifika?

"Shemeji, wapishe waingie," dada wa mke wangu akasema nyuma yangu. Alikuwa amevuka na boti, yuko na sare yake ya kazi. Hakuwapa viti.

"Mwenyekiti, Alhamisi ile nani alikuwa zamu kituoni?"

"Mimi mwenyewe."

"Na anayeita hewani anaonekana kwenye skrini yenu, hata kituo kisipomwitikia?"

"Kitaalamu, ndiyo, anaonekana."

"Herufi zake za utambulisho, na jina analoliita?"

"Vyote."

Shemeji akamuuliza swali moja. Mkuu akavaa kofia, katibu akafunga mkoba ambao hata hakuwa ameufungua, wakaondoka.

Kisanduku sijakiwasha. Mkuu akipita mbele ya karakana yangu, siku hizi anapita upande wa pili, nashusha sindano na kumpelekea swali la shemeji juu ya vichwa vya wateja: siku ile, kila saa, ulipoona herufi za mke wangu zikiita Daraja, ulidhani anamwita nani?