Koti la Kuazima

Suti haikuwemo.

Mama alikuwa amefungua begi juu ya kitanda cha kabini, anatoa nguo mojamoja na kuzilaza pembeni kama mtu anayelaza watoto. Alipofika chini aliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akapapasa, akapapasa tena. Meli ilikuwa imeshang'oa nanga. Katika dirisha letu la duara majengo ya bandari yalikuwa yanapungua kimo. Baba alisimama kwenye mlango wa bafu akijifuta kwa taulo uso uliokuwa umeshakauka zamani.

"Niliikunja mwenyewe," mama alisema. "Nikaweka na gazeti katikati isije ikapata mikunjo."

"Niliitoa," baba alisema.

"Lini?"

"Mlipokuwa mnaita teksi."

Mama alizirudisha zile nguo begini, zote, kisha akakumbuka kwamba tumeshafika na hakuna tunapokwenda, akaanza kuzitoa upya.

Watu wakisikia kwamba niliwahi kupanda meli ya kitalii na wazazi wangu wote wawili hunionea wivu. Huwa nawaacha na wivu wao.

Mama alikuwa fundi cherehani. Kwa miaka arobaini alishona magauni ya maharusi, pini mdomoni na futi shingoni, na wenye shughuli walikuja kuchukua nguo zao wakasimama kizingitini, asante fundi, wakaenda zao. Mwaka ule daktari alimketisha akamwambia dawa zimefika mwisho wa uwezo wake. Tulipotoka hospitali nilimuuliza anataka nini. Nilidhani atasema kuwaona dada zake. Akasema anataka kula chakula cha jioni kwenye meza yenye kitambaa cheupe, ukumbi mzima watu wamevaa wakapendeza, na yeye amevaa, na baba amevaa.

"Niliona kwenye kalenda ya saluni," alisema, akacheka kwa aibu. "Ilikuwa meli."

Mimi ni mpima ardhi. Nilichukua likizo zangu zote kwa mkupuo, nikakata tiketi tatu za safari ya siku nane. Mama alijishonea gauni la kijani cha chupa, lenye mikono mirefu ya kuficha alama za sindano, na kabla hatujaondoka alikuwa amelipunguza kiunoni mara tatu. Halafu akamshonea baba suti ya kijivu, kwa kukadiria tu, maana baba alikataa kusimama apimwe.

Baba alikuwa bawabu wa hoteli. Miaka thelathini na moja alisimama kwenye mlango wa mbele katika koti la rangi ya damu ya mzee, vifungo vya shaba mpaka kooni, akiwafungulia wanaostahili na kuwazuia wasiostahili. Na kustahili kulikuwa ni viatu, kola, na namna mtu alivyoshuka garini. Siku aliyostaafu alilirudisha lile koti stoo, na tangu hapo hakuvaa tena kitu chenye kola. Fulana, suruali nyepesi, kandambili. Harusini, msibani, benki: hivyo hivyo.

Siku ya pili ya safari, karatasi ilipenyezwa chini ya mlango wetu. Jioni rasmi: mabwana koti na tai, mabibi gauni. Baba aliisoma kwa sauti, taratibu, kama karani wa mahakama.

"'Wageni wasiopenda kuvaa rasmi wanakaribishwa ukumbi wa juu,'" alimalizia. "Basi mimi ni mgeni wa ukumbi wa juu."

"Wana makoti ya kuazima pale mlangoni," nilisema.

"Mwanangu, nilivalishwa koti miaka thelathini na moja ili wengine wale. Sitavalishwa sasa ili nile mimi."

"Siyo kuvalishwa, baba watoto." Mama alikuwa ameshalivaa gauni. "Ni heshima tu. Watu wakijitengeneza kabla ya kukaa mezani, wanaambiana kwamba hii si siku ya hivi hivi."

"Heshima ya kutumiwa kwa karatasi."

"Hata kadi ya harusi ni karatasi."

Baba aliangalia gauni, kwa muda mfupi sana, akavaa kandambili akatoka. Nilimwambia mama twende sisi wawili. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mgongo umenyooka ili kitambaa kisijikunje, akafikiri. Halafu akaniomba nimfungulie zipu.

Kumbe nyumba yetu haikuwa peke yake. Asubuhi, kwenye kifungua kinywa, tulikaa na daktari wa meno mwanamke, mwenye miwani ya mnyororo, pamoja na muuza matairi mmoja mnene na mkewe, na mazungumzo yao yalikuwa hayo hayo.

"Mimi nimekuja kupumzika," muuza matairi alisema huku akipaka siagi. "Na shingo yangu nayo imekuja kupumzika. Mtu ni mtu. Mvalishe gunia, mvalishe hariri, tumbo halijui."

"Tumbo halijui, macho yangu yanajua," daktari wa meno alijibu. "Jana kuna bwana alijipenyeza na kaptula. Miguu ile! Supu ilinishinda. Mkilegeza kidogo tu, kesho mtu atatujia na taulo."

"Aje! Mradi amelifunga vizuri."

Mama alicheka mpaka akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu tulipotoka hospitali. Mke wa muuza matairi, aliyekuwa kimya muda wote, aliweka kikombe chini akasema, "Jioni rasmi ya mwisho utavaa tai, na utaifunga mwenyewe," na meza nzima ikacheka tena. Baba hakuwepo. Alikuwa anakula mapema kule juu, halafu anakwenda kukaa nyuma kabisa ya meli kutazama povu.

Mchana ule mama aliniomba nimpeleke sitahani akaote jua. Nilimfunika miguu kwa blanketi. Bila utangulizi akasema, "Mdogo wako unamkumbuka?"

Nilikuwa na miaka sita alipofariki. Nilikumbuka kilio chake, basi.

"Degedege lilimshika mchana. Nilimfunga mgongoni nikakimbia naye hotelini, kwa sababu kule kulikuwa na gari, na baba yako yuko mlangoni. Nilikuwa na gauni la jikoni lenye masizi. Kiatu kimoja kilikatikia njiani, nikakiacha. Meneja alikuwa amesimama kwa ndani, nyuma ya kioo. Baba yako akaniangalia mimi, akamwangalia meneja, akaniambia, zunguka nyuma."

Akapanga blanketi.

"Kuzunguka kulikuwa mbali. Uzio, mapipa ya taka, jiko, korido. Nilipotokea upande wa pili mtoto alikuwa ametulia. Daktari alisema dakika zile zisingebadilisha kitu. Mimi nilimwamini. Baba yako hajamwamini mpaka leo."

"Kwa hiyo anadhani..."

"Anadhani nataka kumkumbusha. Sitaki. Mimi nataka kuingia mlango wa mbele mara moja, nimependeza, yeye ameshika mkono wangu badala ya kushika kitasa. Nikishaingia, basi."

Ningeyaacha pale. Mtu mwenye akili angeyaacha pale. Mimi niliyabeba maneno yale siku nne, nikijiona mwana mwema, mwana pekee aliyebaki, ambaye angewarudisha wazazi wake mahali walipopotezana.

Siku ya saba ilikuwa jioni rasmi ya mwisho. Nilimketisha mama kwenye benchi lililokuwa nje ya ukumbi, nikamwambia anisubiri kidogo, nikapanda ngazi na mfuko uliokuwa na shati langu jeupe, tai na viatu vyangu vya akiba. Baba alikuwa kwenye meza ya pembeni anakula wali kwa kijiko.

"Amekuambia," alisema aliponiona.

"Ameniambia."

Aliendelea kutafuna. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba. Iliyeyuka yote, likabaki jambo moja.

"Gauni lile limempwaya tena, baba. Leo amelibana kwa pini."

Kijiko kilisimama. Alikaa hivyo kwa muda mrefu hata mhudumu mmoja akaja kuuliza kama chakula kina kasoro. Halafu baba aliuvuta ule mfuko kwake, akatazama ndani.

"Na koti?"

Mwanamke wa mlangoni alimpa la buluu iliyoiva, lenye vifungo vya njano. Wakubwa wa wahudumu nao walivaa buluu. Niliona, na sikuona. Mikono ya koti ilimfika kwenye vidole. Nilimfunga tai mimi mwenyewe. Hakuinua kidevu, ilinibidi nikiinue.

Mama alisimama kutoka kwenye lile benchi. Alinyoosha mkono, baba akaushika, wakaingia.

Kazi yangu imenizoesha kuhesabu hatua bila kutaka. Kutoka mlangoni mpaka kwenye meza yetu zilikuwa ishirini na sita. Mama alitembea kumi na nane kati ya hizo akiwa na furaha. Nilikuwa nyuma yao, naona shingo yake, jinsi alivyoibeba, naona baba anavyopunguza mwendo ili waende sawa. Nikajipongeza. Naam, nilijipongeza.

Muuza matairi alikuwa kwenye meza ya njiani, amefungwa tai mpaka mashavu yamevimba, katikati ya kichekesho chake. Aliona vifungo vikipita. Uso hakuufikia. Aliinua glasi yake tupu kwa ukarimu kabisa.

"Samahani mzee, tuongezee maji hapa."

Baba akauachia mkono wa mama.

"Ndiyo, bwana," alisema.

Jagi lilikuwa kwenye meza ndogo ukutani. Alilichukua. Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe nyuma ya mgongo, ukatulia pale. Alimmiminia muuza matairi, akammiminia mkewe, akazunguka upande wa pili akammiminia daktari wa meno, hakumwaga hata tone, akauliza kama wangependa na barafu. Daktari wa meno peke yake ndiye aliyeinua macho. Alimwona baba, akamwona mama amesimama katikati ya njia na mkono wake bado umekunjwa kama umeshikwa, akaelewa, akainamia sahani yake.

Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Maneno yaliyohitajika yalikuwa matatu: huyu ni baba. Nimeyasema mara nyingi tangu siku ile, nikiwa garini, nikiwa porini na vyombo vyangu vya kupimia. Pale sikuyasema. Nilihofia watu wangegeuka kutazama.

Baba alirudisha jagi. Alivua koti, akalikunja ndani nje, bega juu ya bega, kwa ustadi niliokuwa nimeusahau, akaenda nalo mlangoni akamkabidhi yule mwanamke, akatoka.

Niligeuka nimfuate. Mama alinishika mkono wa shati.

"Kaa."

"Mama..."

"Kaa ule. Nimeshaingia."

Alikula kila kilicholetwa. Supu, samaki, nyama, keki, hata vile alivyokatazwa na daktari, taratibu, kisu na uma vikienda kama alivyoviona vikienda kwenye magazeti. Kiti cha tatu kilikuwa wazi, na mhudumu alipotaka kukiondoa alimwambia akiache. Sijui kama alikuwa anafurahia au anajiadhibu, au anamwadhibu mtu mwingine kati yetu. Nilimuuliza kama chakula ni kizuri. Alisema ni kizuri.

Tuliporudi baba alikuwa kitandani, ameelekea ukutani. Alikuwa amelala, au alitaka tudhani hivyo. Mama alivua gauni bafuni, peke yake. Nilimsikia akipambana na zipu, na hakuniita.

Asubuhi ya kushuka tulipanga foleni kwenye ngazi. Muuza matairi alitujia na uchangamfu wake wote, akampa mama mkono, akanipa na mimi, akanipa na kadi yake, nikipata pancha ya maisha nimpigie. Baba alikuwa nyuma yetu, begi huku na begi huku. Muuza matairi alimwona, akasogea pembeni upesi.

"Pita mzee, pita, una mzigo wa wageni."

Mama alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta la kusema, nikamwona akiliacha. Baba alipita.

Mama aliishi wiki sita baada ya hapo. Baba ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha, aliyemgeuza ubavu kila baada ya saa mbili, na katika wiki hizo zote niliwasikia wakizungumza kuhusu mito, dirisha, na saa ya dawa. Walikuwa na adabu kubwa. Asante. Pole. Nikusogezee? Nilikuwa nakaa sebuleni nikisubiri neno lingine lolote lipite mlangoni, na lililopita lilikuwa lile lile, asante, mpaka asubuhi ambayo baba alitoka chumbani akasema nimwite shangazi.

Sasa baba anaishi kwangu. Masikio yake yamekwisha. Hukaa barazani mchana kutwa, na jirani akimsalimia hujibu salamu ya jana. Mwezi uliopita niliamka kutoka usingizi wa mchana nikiwa na uhakika kwamba siku imefika. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu na magoti yake kama nilivyokaa nilipokuwa mdogo, nikasema, "Baba, unisamehe kwa ile jioni. Mimi ndiye niliyekuvalisha."

Aliinamisha kichwa, akanipa sikio lake la kulia, lenye afadhali.

"Unasemaje?"

Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili wa ukuta. Ningelazimika kupiga kelele.

"Nimesema chai iko tayari."

"Ehe," alisema, akaanza kutafuta mikono ya kiti ili ainuke.