Nyonga ya Mama na Magari ya Mashemeji

Kaka yangu ni daktari wa meno, mume wangu ni mpima ardhi, na kwa bahati yangu mbaya wote wawili wana magari ya michezo ya kampuni moja. La kaka injini iko nyuma. La mume wangu injini iko mbele. Basi, hilo tu. Kwa watu wenye akili zao mabishano hayo yasingedumu hata kikombe kimoja cha chai, lakini mashemeji hawa yamewatosha miaka mitano. Kaka husema gari lenye injini mbele halistahili nembo ya kampuni ile, ni gari la karani aliyepandishwa cheo. Mume wangu humjibu kwamba injini ikikaa nyuma, gari linakata kona kama mlevi. Wakishaanza, mimi huondoa sahani mezani, tumeshiba hatujashiba.

Siku mama aliyoruhusiwa kutoka hospitali, baada ya kubadilishwa nyonga, nilimwambia mume wangu mara tatu: "Azima gari la ofisini, lile la juu." Akanijibu nisiwe na wasiwasi. Kaka nilimwambia abaki na wagonjwa wake. Saa nne asubuhi nasukuma kiti cha magurudumu hadi mlangoni, mama amepakata mfuko wa dawa, naona nini? Jekundu na jeusi, ubavu kwa ubavu, yananguruma. Kila moja lina viti viwili, na viti vyenyewe viko chini hivi kwamba mtu havikalii, anadumbukia.

Muuguzi aliyetusindikiza alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

"Mama haruhusiwi kukalia kitu kilicho chini ya magoti yake," akasema. "Nyonga mpya ikikunjwa sana inachomoka. Tulieleza jana."

"Umesikia, shemeji?" kaka akadakia. "Lako ndilo liko chini."

"Langu? Kiti changu kimezidi chako sentimita mbili nzima!"

"Tupime."

"Tupime!"

Nilidhani ni utani. Mume wangu akafungua buti, akatoa tepu yake ya kazini. Wakapiga magoti kwenye lami, mmoja kashika ncha, mwingine anasoma, huku wakibishana kama kiti kipimwe kikiwa kimebonyezwa au kikiwa kitupu. Gari la wagonjwa likawapigia honi, hawakusikia. Mlinzi alikuja kuwafukuza, na baada ya dakika mbili naye akawa anatoa maoni. Jua lilikuwa linampiga mama usoni. Nikamfunika kichwa kwa mtandio wangu.

"Nyie!" nikapiga kelele mpaka watu wakachungulia madirishani. "Mama yuko hapa! Mnapima nini?"

"Dakika moja tu," mume wangu akasema, hata kichwa hakuinua.

Hapo maji yakazidi unga. Kando ya mlango palikuwa na gari la mikate, dereva wake anamalizia kushusha trei za mgahawa wa hospitali. Alikuwa mama wa makamo aliyevaa aproni. Nikamweleza shida yangu kwa pumzi moja. Akawatazama wale wawili pale chini, akanitazama mimi.

"Pole, mdogo wangu," akasema, akafungua mlango wa mbele.

Kiti kilikuwa juu, kimenyooka. Muuguzi akamshika mama kiuno, mimi nikamshika mguu, akakaa vizuri. Mimi nikajibana nyuma katikati ya trei. Tulikuwa tunatoka getini niliposikia sauti ya kaka: "Jamani, mama yuko wapi?"

Walitufuata mpaka nyumbani, wakigombania nani awe nyuma yetu. Nilimlaza mama, nikatoka nje, nikawapasha. Sikumbuki yote niliyosema. Nakumbuka tu kwamba jirani alifunga dirisha lake. Niliporudi chumbani nikamkuta mama anacheka.

"Mama, na wewe unacheka nini?"

"Kaka yako alikataa kuja harusini kwako, umesahau?" akasema. "Miaka minne hakumsalimia mumeo. Hata kwenye msiba wa baba yenu walikaa mbalimbali. Neno la kwanza kumwambia ni siku mumeo alipoleta lile gari: 'Hili nalo ni gari?' Nilikuwa jikoni. Nilimshukuru Mungu."

"Angeweza kusema 'habari yako', mama."

"Hawezi. Nimemzaa mwenyewe, namjua."

Nilimwekea mto wa mguu, nikafunga pazia, na hasira zangu zikabaki palepale.

Jumanne ilikuwa kliniki. Mume wangu alileta gari la ofisini bila kukumbushwa, na kaka akaja kwa miguu, mpole, akaomba kutusindikiza. Mama akakaa mbele, mimi na kaka nyuma. Mwendo wa kituo kizima cha basi hakuna aliyetaja injini, nikaanza kuamini kuwa wamekoma. Tulipofika kwenye mzunguko kaka akakohoa. Akasema taratibu, kwa adabu zote, kwamba kwenye kona kama hii ndipo injini ya nyuma inapojulikana faida yake.

"Faida?" mume wangu akageuza shingo. "Faida gani, shemeji?"

"Simamisha gari," nikasema.

"Mke wangu, nilikuwa namuuliza tu…"

"Simamisha!"

Nikawashusha wote wawili kando ya barabara, nikahamia kwenye usukani, nikaondoka. Mama akageuza kichwa kidogo, kadiri alivyoruhusiwa, akachungulia kwenye kioo cha pembeni.

"Wanafanya nini?" nikamuuliza.

"Wanatembea," akasema. "Mumeo anachora kitu hewani kwa mikono."

Kliniki tulifika mapema, tukawa wa kwanza kuitwa.