Sifuri za Apolinaria

Asubuhi waliyokuja kupanda mikonge ya mpaka, Apolinaria alikuwa ameketi kwenye kigoda anakata viazi vya michembe, vile vipande vya kuanika juani. Kisu kilikuwa butu, viazi vilikuwa vitamu, na nzi walikuwa wengi. Alisikia sururu shambani, akadhani ni mdogo wake Emilian anachimba shimo la choo aliloahidi tangu mwaka jana. Hakuwa Emilian. Ilikuwa kamati ya ardhi ya kijiji, na mwenyekiti wake, Mzee Tobias, ndiye aliyeshika kamba.

Shamba lilikuwa la marehemu baba yao, Silasi, nje kidogo ya Igalula, pale njia ya zamani ya misafara inapoelekea Tabora. Apolinaria ndiye aliyemuuguza mzee hadi mwisho, na mzee alitamka mbele ya katekista kwamba upande wa bondeni, ulio mkubwa kidogo, ni wa binti yake, na ule wa barabarani ni wa Emilian. Mpimaji alikuja na mashine yake, akapima vizuri, akamtumia mwenyekiti majibu kwenye simu: Apolinaria ekari 0.6, Emilian ekari 0.475.

Mzee Tobias aliyasoma kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Sifuri za mwanzo waliziacha, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na yake. Zikabaki sita za dada na mia nne sabini na tano za kaka. Penye wengi hapaharibiki neno: wajumbe walikubaliana palepale kwamba mwenye mia nne sabini na tano ndiye mwenye shamba, na mwenye sita wakamkatia kadiri ya sita zake. Kilikuwa kipande chenye upana wa mkeka wa mtu mmoja, kutoka barabarani hadi bondeni.

"Shikamoo, mwenyekiti," Apolinaria alisema, kisu bado mkononi.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba alinipa upande mkubwa."

"Na sisi tumefuata kipimo. Wewe umeona wapi sita ikaishinda mia nne?"

Shamba lile Apolinaria alilijua kwa jembe tu: upande wa barabarani huumaliza mapema akarudi kupika, upande wa bondeni humchelewesha. Ilimuuma sana. Viazi vya bondeni ndivyo vilivyomlisha tangu aliporudi kutoka kwa mume, na pengine pa kulima hakuwa napo. Emilian, aliyeegemea pikipiki yake, alitazama juu akasema mwaka huu mvua itachelewa.

Jioni wapagazi walipita kama kawaida. Hupita kila kiangazi, jua likigusa miti, wakitoka upande wa pwani na mizigo kichwani, na wanakijiji huwawekea mtungi wa maji njiani. Walikufa zamani, wengine kwa ndui na wengine kwa kiu, kwa hiyo maji wanayokunywa hudondoka chini, na pale yanapodondokea huota mchicha mzuri. Husalimia "mwangaluka" hata jua likizama, maana kwao bado ni asubuhi ya safari.

Jioni hiyo kirangozi wao, Ngollo, yule anayetangulia mbele na fimbo, alijikwaa kwenye mkonge mpya, msafara mzima ukasimama.

"Mjukuu wangu, nani kapanda mikonge njiani kwetu?"

Apolinaria alimweleza yote, pamoja na ile sita na ile mia nne. Ngollo alisikiliza huku akijikuna mguu.

"Hao hawajawahi kutembea na msafara," alisema. "Waite kesho."

Kesho yake kamati ilikuja na viti vyake. Ngollo alichomeka fimbo ardhini. Mbele ya fimbo, alisema, husimama anayebeba ekari nzima, na leo hayupo. Nyuma ya fimbo wa kwanza hubeba vikapu. Vikijaa kumi, ni ekari. Wa pili hubeba vibuyu. Vibuyu kumi ndiyo kikapu kimoja. Wa tatu hubeba vifuu vya nazi walivyotoka navyo pwani. Vifuu kumi ndiyo kibuyu kimoja. Kisha akaamuru udongo wa shamba upakiwe. Kwa Apolinaria, mpagazi wa kwanza alibeba vikapu sita, basi. Kwa Emilian, wa kwanza alibeba vikapu vinne, wa pili vibuyu saba, wa tatu vifuu vitano.

Walimimina. Vibuyu saba na vifuu vitano, vyote pamoja, havikujaza hata kikapu cha tano.

"Kwenye msafara," Ngollo alisema, "hatuulizi umebeba vingapi kabla ya kuuliza umesimama wa ngapi."

Mzee Tobias aliinama, akahesabu vikapu mwenyewe, akajipangusa udongo mikononi. "Tumeona," alisema. "Ni kweli kabisa. Hakuna ubishi." Wajumbe waliitikia kwamba hakuna. Kisha mwenyekiti akakohoa kidogo. Mikonge imeshapandwa, alisema, na kung'oa mikonge ya kamati ni kuivua kamati nguo barabarani. Ila kumwacha mwanetu na sita moja, hilo nalo haliwezekani. Tumwongezee sifuri mbili mwishoni. Iwe mia sita, awe amempita mdogo wake.

Emilian alikuwa mwepesi wa kuelewa. "Mwongezeeni na ya tatu!" alipaza sauti. "Huyu ni dada yangu, tumbo moja!"

Wanawake walipiga vigelegele. Watu walisema mdogo mwenye moyo kama ule ni nadra.

"Na mikonge?" Apolinaria aliuliza.

"Mikonge ni mikonge, mwanangu," Mzee Tobias alisema kwa upole.

Jioni iliyofuata wapagazi watatu walitoka kwenye mstari, wakaingia katika kile kipande cha Apolinaria, wakasimama mmoja nyuma ya mwenzake juu ya matuta. Wa kwanza alikuwa na kibuyu kitupu, wa pili kifuu kitupu, wa tatu hakuwa na chombo, alikinga kiganja tu. Ngollo aliomba radhi. Nafasi ikishaitwa, alisema, lazima mtu asimame, hata kama hana cha kubeba. Kisha akaendelea na safari, maana Tabora ilikuwa bado mbele.

Siku hizi Apolinaria anaitwa Mama Elfu Sita, na katika vikao vya kijiji hupewa kiti cha mbele. Hulima akizunguka miguu ya wapagazi. "Sogeza mguu, babu," huwaambia, nao husogeza, kwa kadiri nafasi inavyoruhusu. Michembe anayoanika sasa inaenea kwenye ungo mmoja.

Kila Krismasi, baada ya misa, Emilian husimama mbele ya watu na kumzawadia dada yake sifuri nyingine. Watu hupiga makofi. Jioni yake mpagazi mgeni hufika, mikono mitupu, ameinamisha kichwa kwa haya. Apolinaria humpa maji kwanza, kisha humwonyesha pa kusimama, na kabla hajasimama hung'oa viazi vya tuta hilo, vilivyokomaa na visivyokomaa.