Utepe wa Manjano Shinani mwa Mpeasi

Utepe wa manjano ulikuwa umefungwa shinani mwa mpeasi, na Walburga alipouona alisimama ghafla. Huku kwetu Swabia, kusini mwa Ujerumani, kila mtu anajua maana yake: mwenye mti ameshindwa kuvuna, apitaye na achume. Mwanawe Volker ndiye aliyeufunga, bila kumwuliza.

Tangu Februari, mumewe Albrecht alipoanguka kutoka ngazini akipogoa mti huu, akafa, Walburga hakuwa amekanyaga hapa. Yeye ndiye aliyekuwa akishika ngazi siku zote. Siku ile alikwenda kuepua chungu cha dengu, dakika tano tu.

Sasa juu ya ngazi ile ile alisimama mwanamke mgeni. Mguu mmoja wa ngazi ulikaa juu ya kichuguu laini cha udongo uliofukuliwa na fuko.

Walburga alikusudia kumfukuza. Maneno yalikwisha kumfika kooni, mwanamke alipong'ata peasi ya manjano, akatema.

"Zimeoza ndani," akasema akicheka. "Ndiyo maana zinatolewa bure. Na wewe bibi umekuja kubahatisha?"

"Mti ni wangu. Na hizo hazikuoza, wewe ndiye uliyechelewa kuzichuma."

Geißhirtle, jina la peasi hizi, maana yake 'mchunga mbuzi mdogo': ni peasi ndogo inayodanganya macho. Wazee husema iligunduliwa na mchunga mbuzi, na labda mbuzi ndio waliojua siri yake: huiva kuanzia moyoni. Ikigeuka manjano, ndani imekwisha kuwa uji wa kahawia. Albrecht alizichuma zingali kijani, zenye wekundu kidogo upande wa jua. Aliiinua kila moja kwa kiganja. Iliyo tayari iliachia yenyewe. Siku nne, tano, msimu umekwisha. Alilisema hilo kila mwaka, naye Walburga kila mwaka alimwambia amekwisha kusikia.

"Hiyo ya kijani, kushoto kwako," akasema. "Usiivute. Iinue."

Mwanamke akajinyoosha. Ngazi ikalia, mguu ukazama udongoni. Mikono ya Walburga ilikuwa mifukoni mwa aproni, mizito kama mawe. Siku ile hakuwepo. Leo yupo, na anatazama.

Hakukumbuka kupiga hatua. Alijikuta ameikumbatia ngazi, shavu limegandamana na kipago, pumzi zimemwisha.

Juu kukasikika sauti ya kutafuna.

"Ina ladha ya mdalasini," mwanamke akasema polepole. Akatazama chini. "Bibi, waweza kuachia sasa. Nimekaa sawa."

"Wewe chuma tu," akasema Walburga. "Mimi nipo."