Bima ya Mlango wa Pili

Lorna Hepple aliisoma barua ya benki mara ya tatu, akaona haijabadilika. Walikuwa tayari kumpa mkopo wa kununua fleti ya juu aipangishe, ila jengo halikuwa na bima ya pamoja. Basi alete hati ya bima ya fleti ya chini kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipoileta hakuna mkopo, na muuzaji alishapata mnunuzi mwingine anayeitaka fleti tupu. Tupu! Na Anti Edie Tulip, rafiki wa marehemu mama yake, aliyepanga humo miaka thelathini na mmoja, aende wapi na goti lile bovu?

Shida ni kwamba benki za London haziujui mji wa kaskazini wa Gateshead. Huku nyumba moja ina milango miwili ya mbele, mmoja wa fleti ya chini, wa pili wa fleti ya juu. Kwenye mkataba, mwenye fleti ya juu ndiye mwenye nyumba wa yule wa chini, na wa chini ndiye mwenye nyumba wa yule wa juu, ili pasiwe na wa kumringia mwenzake. Kila mtu hukatia bima fleti yake, maisha yanaendelea.

Chini alikaa mwenye fleti, mzee Cuthbert Dodds, na Cuthbert hakusemeshana na Edie tangu maji ya sabuni ya nguo za Edie yalipodondokea vitunguu liki vya Cuthbert, wiki moja kabla ya mashindano ya liki kubwa. Miaka kumi na tisa wamenuniana, jamani, kwa mboga!

Lorna alimkuta uani, mlangoni mwa banda lake la liki.

"Simama hapohapo! Mashindano Jumamosi, haingii mtu humu."

"Sina haja na liki zako, Bwana Dodds. Nataka hati yako ya bima."

Akamweleza yote. Mzee akakunja uso.

"Yaani nimsaidie yule mwanamke aendelee kunikanyagia dari?"

"Ndiyo," Lorna akasema, akifuta machozi. "Hana kwingine. Nakuomba."

Cuthbert akashusha pumzi. "Haya, usilie, kipenzi. Utaniharibia liki na wewe." Akaingia bandani, akatoka na kopo la biskuti lililojaa karatasi.

Lorna aliifungua hati, akaisoma anwani mara mbili. "Bwana Dodds, si unakaa namba arobaini na moja? Hii ni ya arobaini na tatu. Ya juu!"

"Sawa kabisa. Mkataba unasema mimi ndiye mwenye nyumba wa yule wa juu. Mwenye nyumba hukata bima."

"Na ya kwako kakata nani? Huku kila mtu hukatia fleti yake mwenyewe."

"Mwenye nyumba wangu, si yule wa..." Akakaa juu ya ndoo. "Mungu wangu. Miaka yote hii nalala bila bima? Na lile jiko la gesi?"

Walipiga simu palepale, Cuthbert akifoka kila alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa. Jioni hati mpya ya namba arobaini na moja ilikuwa kwa mwanasheria wa Lorna. Ijumaa, zikibaki dakika ishirini, simu ya Lorna ikalia: benki wamekubali. Alikaa kwenye ngazi za Edie akalia kama mtoto, na furaha aliyokuwa nayo hakuificha.

Edie aliposikia kisa chote, alishuka uani ngazi moja moja, sahani ya mkate na nyama mkononi.

"Cuthbert Dodds! Eti umenikatia bima ya paa miaka yote hiyo?"

"Kwa makosa."

"Umeninunia huku unanitunza?"

"Nimesema kwa makosa, we mwanamke!" Masikio yalikuwa mekundu kwa haya.

Edie akamkabidhi sahani. Mzee aliitazama, akamtazama Edie, kisha akajibanza pembeni ya mlango wa banda ampishe.

"Ingia uzione basi," akasema. "Ila usiguse."